Mwaloni wa Mwisho Ndani ya Mfereji

Majani ya mwaloni mmoja kilimani yalikuwa yakidondoka Julai, katikati ya kiangazi, bila upepo. Vikonyo vyake vilikuwa bado kijani, lakini ncha zilishageuka rangi ya chai. Baba aliokota moja, akaligeuzageuza, akalitia mfukoni upesi kana kwamba nisingeliona.

"Ni jua tu," alisema. "Mchanga huu haushiki maji, Karna. Unajua mwenyewe."

Nilijua. Nilijua pia kwamba dhoruba ya Mei ilivunja tawi la mwaloni ule, na kwamba kuna mbawakawa wanaofuata kidonda kibichi wakibeba maradhi.

Kwa miaka mingi Baba alikuwa amekihudumia kilima chetu cha Wisconsin. Aling'oa vichaka, akachoma nyasi kwa zamu kila upepo ulipotulia, hadi mialoni ikasimama tena kwa nafasi juu ya maua ya buluu, kama ilivyokuwa kabla ya majembe ya babu zetu. Majirani walimwita Torvald Kiberiti, naye alilipenda jina hilo. Aliwaamini wataalamu kuliko alivyomwamini mchungaji wake. Ndiyo maana Lorraine, mtaalamu wa miti, alipomenya gome la ule mti na kutuonyesha michirizi myeusi, nilidhani Baba angekuwa wa kwanza kukubali.

"Kuvu hii hupita chini kwa chini," Lorraine alisema. "Mizizi ya miti hii imeshikana. Lazima tuikate kwa mfereji wa kuizunguka miti ya karibu, kisha kila mwaloni ulio ndani ya mfereji tuuangushe."

"Hata ulio kijani?"

"Hata huo, Torvald."

Akapita akitia alama za rangi ya machungwa. Ya mwisho aliipaka kwenye mwaloni wa Mama. Mama alitutoka majira ya baridi yaliyotangulia. Bembea yake ilikuwa ingali inaning'inia pale, na kila asubuhi Baba alikunywa kahawa kando yake, akimsimulia habari za shamba.

"Sogeza mstari wa mfereji," Baba alisema. "Kidogo tu. Huu mti hauna kasoro hata moja, wewe mwenyewe unauona."

"Nikisogeza nikakosea, kilima chote kimekwenda."

"Na usipokosea?"

Lorraine alifunika kopo la rangi. Baba akanigeukia. "Shamba ni letu sote wawili. Hebu sema kitu, mwanangu."

Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyenibakia duniani. Nyuma yake kilima kizima kilikuwa kimetulia kwenye joto, kijani mpaka juu.

"Mstari ubaki hapo hapo, Baba."

Hakunikaripia. Alifungua kamba za bembea, fundo moja baada ya jingine, akaibeba begani hadi nyumbani.

Siku iliyofuata trekta lilivuta kisu kirefu cha chuma ardhini kukata mizizi, na vikombe vyetu jikoni vikatetemeka tangu asubuhi. Halafu ikaja misumeno. Mti wa Mama ulianguka mwisho, na majani yake yote. Lorraine akapiga magoti, akamenya gome la kisiki upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapakuwa na mchirizi wowote.

"Ulikuwa mzima," Baba alisema.

"Ndiyo." Lorraine aliinuka taratibu. "Ungekuwa mgonjwa, maradhi yangekuwa yameshavuka mfereji, nasi tungekuwa tumeshachelewa."

"Basi ni habari njema," Baba alijibu, na upole wa sauti yake ulinitisha kuliko kama angelia.

Tangu hapo maradhi hayajavuka mfereji. Wageni huja, husifu maua, hunipa mkono. Baba magoti yamemwisha, hapandi tena kilima. Mimi ndiye ninayekwenda kila kiangazi kukagua vilele vya mialoni, roho mkononi. Nikirudi humkuta barazani akinisubiri.

"Vipi huko?"

"Salama, Baba."

Huitikia kwa kichwa, akatazama kilimani, upande wa kisiki cha mti wa Mama. Mpaka leo sijui kama hilo ndilo jibu alilokuwa akilitaka.