Askari Nyuma ya Tangi

Jina lake lilikuwa Askari, na sijui kama kuna mbwa aliyewahi kupewa jina lisilomfaa kuliko huyo. Alipewa na marehemu mzee Gregory wa Newala, ambaye alikuwa na shamba la mikorosho na alitaka mlinzi. Kilichokua ni mbwa wa rangi ya mchanga anayemkimbia jogoo.

Sasa ilikuwa siku ya tano tangu aletwe Masasi, na siku zote tano alikuwa amejibana nyuma ya tangi la maji, uani kwa mwalimu Devotha, Mama Winfrida. Bodaboda ikipita, anatetemeka. Geti likibamizwa, anajikojolea. Chakula alikuwa hakigusi. Devotha, ambaye maishani hakuwahi kufuga hata kuku, alimpelekea ugali kwa dagaa, akampelekea utumbo wa kuchemsha, mwisho akampelekea mnofu aliokuwa amemwekea mumewe. Vyote vililiwa na kunguru. Bwana mifugo alikuja, akamchungulia, akasema mbwa haumwi ila ana woga, kisha akanywa chai akaenda zake.

Emmanuel, mume wa Devotha, akaamua kwamba Jumamosi atampeleka Lulindi kwa binamu yake, ambako kuna uwanja mpana na kelele chache. Lingekuwa jambo jepesi kama si mama yake mzazi. Bibi Bertila, mjane wa mzee Gregory, alikuwa ameletwa Masasi siku moja na huyo mbwa, na maneno hayo aliyasikia akiwa kwenye kiti chake barazani. Hakupandisha sauti.

"Akiondoka Askari, na mimi nirudisheni kwangu."

Devotha hakutaka hata kulisikia hilo. Miezi michache nyuma mama mkwe wake alianguka kando ya kisima chake cha maji ya mvua, akashindwa kuinuka, akalala pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jirani yake Mwanaisha alipopita. Muda wote huo Askari, mwoga wa jogoo, alilala amemwegemea ubavuni na hakumwacha. Nyonga ilipona, lakini nani angemrudisha mama yule akaishi peke yake? Tena Devotha alimpenda. Aliogopa kwamba safari nyingine Mwanaisha angechelewa kupita.

Kwa hiyo akazidi kumtunza. Mama asifagie, mama asioshe hata kikombe. Bibi Bertila alikuwa amekuja na gunia dogo la korosho ghafi na karai lake kuukuu lililotobolewa matundu. Siku ileile Devotha alivipeleka stoo, akamwambia hapa amekuja kupumzika. Kwao Devotha, kule Njombe, mkwe anayemwachia mama mkwe kazi husemwa mpaka kanisani. Bibi Bertila alishukuru, akakaa kwenye kiti, na kila siku akawa na maneno machache kuliko jana yake.

Ijumaa Devotha alirudi mapema kutoka shuleni. Kiti cha barazani kilikuwa kitupu, akaanza kumtafuta mama mkwe wake. Ndipo akasikia harufu ya moshi mkali kutoka uani.

Mama mkwe alikuwa ameingia stoo mwenyewe. Alikuwa amepanga mafiga, karai juu, korosho zinawaka na kurusha mafuta, naye anazikoroga kwa mti mrefu. Akazimwaga mchangani, akazifukia mpaka moto ukafa. Devotha alifungua mdomo amkataze. Kabla hajasema, Bibi Bertila alikaa kwenye kigoda, akaweka korosho juu ya jiwe, akaanza kubangua kwa kipande cha mti. Ko, ko. Ko, ko.

Nyuma ya tangi ilitokea pua, halafu sikio. Askari alitoka tumbo likigusa chini, akisimama kila hatua asikilize. Alikizunguka kigoda mara mbili, akalala chini yake, akashusha pumzi ndefu. Bibi Bertila hakumtazama. Alimdondoshea kiini kilichovunjika, na mbwa akakila.

Devotha alijiona mjinga. Siku tano alimbembeleza kwa nyama, kumbe dawa aliifungia stoo kwa mkono wake.

"Mama, ulijua kwamba atatoka?"

"Nilijua. Kwangu kila jioni nikibangua, chini ya kigoda ndipo anapolala."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bibi Bertila alibangua mbili tatu kwanza.

"Hapa ni kwako, Mama Winfrida. Uliniambia nikae, nikakaa. Na mimi nilikuwa naogopa."

Devotha aliweka mkoba wake chini. Alivua viatu vya kazini, akatafuta jiwe, akakaa chini mchangani akaomba afundishwe. Korosho ya kwanza aliisaga ikawa unga.

"Polepole," mama mkwe akamwambia. "Huyu hapendi kishindo."

Walikuwa wamefika nusu ya rundo geti lilipobamizwa. Emmanuel amerudi. Askari aliruka, akalitazama tangi, akawatazama wanawake wawili, kisha akajichimbia katikati yao na kuficha kichwa kwenye sketi ya Devotha. Mikono ya Devotha ilikuwa imeshapakaa mafuta meusi ya maganda, kwa hiyo hakumshika. Aliendelea kubangua taratibu, ko, ko, mpaka mbwa akaacha kutetemeka.