Kioo cha Kushoto cha Anania

Sekela aliikalia miwani ya mumewe siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, akitafuta kitenge cha kwendea msibani. Kioo cha kulia kilibaki kizima. Cha kushoto kilipasuka vipande vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilibidi kitolewe kwa kibano, Sekela akiwa amelala kifudifudi anaendelea kutoa maagizo ya chai.

Ilikuwa miwani ya michezo, ile inayokumbatia kichwa kizima, fremu ya njano, vipira vyeusi vya puani. Anania aliivaa kila siku akipeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Soweto, mtaa wao wa Mbeya, hadi Uyole, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwenye mashindano ya baiskeli ya mwaka 2009, Mbeya mpaka Iringa kwa siku mbili. Siku ya kwanza yeye na jamaa mmoja wa Kilolo aitwaye Jofrey waliingia Makambako tairi kwa tairi. Mfadhili akawapa kila mmoja miwani, mapacha kabisa, hata mkwaruzo wa kiwandani ulikuwa mahali pamoja. Wengine walipewa soda. Siku ya pili Jofrey aliingia Iringa dakika arobaini mbele yake.

Tangu hapo Soweto nzima ilimwita Anania Namba Mbili. Sekela naye akawa Mama Namba Mbili, na kila mpangaji mpya aliyehamia mtaani alimpa pole na kumuuliza mke mkubwa anaishi wapi. Anania hakulalamika. Dakika arobaini ni nyingi. Aliuza baiskeli ya mashindano, akanunua ya madumu.

Basi akaanza kutafuta kioo. Fundi wa kwanza wa Mwanjelwa alimwambia alete sampuli, Anania akampelekea vile vipande vitatu ndani ya kiberiti. Fundi wa pili alisema toleo lile halitengenezwi tena, akamshauri apende miwani nyingine. Wa tatu alimwekea kioo kinachofanana. Kilikaa mpaka jioni, kikachomoka kwenye fremu, kikabingirika barabarani chenyewe mpaka dukani kilikotoka. Fundi alikikagua, akasema hapokei mali iliyorudi na vumbi.

Mwisho akapewa namba ya Asmaa, fundi miwani wa Mlandege, Iringa, ambaye babu yake aliuza miwani mahali hapohapo. Asmaa alimuuliza kwenye simu mambo mawili tu: rangi ya fremu, na kama pua yake imekaa katikati.

"Usinitumie kwenye basi," akamwambia. "Miwani bila pua mimi siigusi. Njoo mwenyewe, baba'angu."

Anania akapanda basi la alfajiri. Saa nane na nusu mchana alikuwa amekaa kwenye kiti cha Asmaa, kichwa nyuma. Fundi akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa miwani ambayo wenyewe waliiacha wakasema wanarudi kesho. Katikati ilikuwamo pacha ya miwani yake. Ukutani kulikuwa na tangazo kwamba mali isiyofuatwa miezi mitatu ni ya fundi, na ile ilikuwa na miaka kumi na mbili, mguu mmoja haupo. Asmaa akatoa kioo cha kushoto, akakipangusa kwa upindo wa mtandio, akakibonyeza kwenye fremu ya Anania. Kikaitika kwa mlio mdogo.

"Haya. Unaona nini?"

Jicho la kulia lilimwona Asmaa. La kushoto liliona mbao.

"Mbao," akasema Anania.

"Za wapi?"

Anania akatazama vizuri. Zilikuwa mbao mbichi za misonobari, zimefungwa kwa kamba juu ya lori, na lori linatembea. Kando yake ililazwa baiskeli ya mashindano. Mbele kulikuwa na magoti mawili ya mtu, na juu ya magoti hindi la kuchemsha.

"Za Mafinga."

"Basi ndicho chenyewe," Asmaa akasema, akaanza kukaza skrubu. Akamweleza, kama mtu anayeeleza namna ya kufua sweta, kwamba vioo vya toleo lile hutunza ile siku ambayo mwenyewe hajamsimulia mtu, na huirudia kwa kufuata saa. Asubuhi ataona asubuhi, jioni ataona jioni. Anania akauliza mbona cha kwake hakijawahi kumwonyesha kitu. Asmaa akamuuliza siku yake ya mashindano amewahi kuisimulia. Anania akakiri kwamba ameisimulia Soweto nzima, mara nyingi, nyingine kwenye misiba.

Kesho yake akaenda na ushahidi wake kwenye ofisi ya chama cha baiskeli, hapohapo Iringa. Alikuwako mwenyekiti, Mzee Masumbuko, na katibu, Rozalia. Alikuwako pia Jofrey, ambaye siku hizi ni mshauri wa ufundi na picha yake ya ushindi ipo ukutani juu ya birika. Walisalimiana kamwene, kamwene, wakaulizana habari za watoto na mahindi. Ikabidi wasubiri, maana ilikuwa saa tano na kioo kilionyesha Jofrey akiziba pancha. Wakanywa chai, mzunguko wa pili na wa tatu. Saa nane na nusu Anania akasema sasa.

Mzee Masumbuko akavaa, akatazama kwa muda, akampa Rozalia. Rozalia akampa Jofrey.

"Zile mbao zilikuwa zinachoma makalio," Jofrey akasema. "Wiki nzima nilikula nimesimama."

Hakuna aliyebisha. Anania akasema hataki baiskeli ya zawadi, imeshakufa bila shaka. Anataka jina tu. Waandike kwamba wa kwanza ni yeye, apeleke karatasi Soweto, mke wake aache kupewa pole.

Mzee Masumbuko akairudia miwani. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Akasogeza kichwa kama anayechungulia dirishani.

"Huyu wa huku chini barabarani, mwenye miwani ya njano, ulimi nje, ni nani?"

"Mimi."

"Jofrey anakupungia mkono."

"Eeh."

"Na wewe unampungia."

Anania alilikumbuka lile lori. Jasho lilikuwa limemjaa machoni, aliona mkono tu juu ya mbao, na mtu akikupungia unajibu. Nyumbani kwao asiyejibu salamu alilala bila kula.

"Nilidhani ni msafiri," akasema.

"Alikuwa msafiri," akasema Jofrey.

Rozalia akaandika, huku akisoma kwa sauti, kwamba mshindani alipitwa, alisalimiwa, na aliitikia kwa moyo mkunjufu, hivyo hakuwa na pingamizi wakati huo. Wakasaini wote. Anania akasaini pia, mstari wa pili. Jofrey akamsindikiza mpaka stendi, akambebea mfuko. Anania akamuuliza kama anakitaka kioo chake.

"Kaa nacho, kaka. Si kimekutosha?"

Kimemtosha. Hakichezi, hakiingizi vumbi. Sekela bado anapewa pole, na siku hizi akiulizwa mke mkubwa yuko wapi anajibu yuko Iringa, ana mguu mmoja. Picha ya Jofrey bado ipo juu ya birika. Na kila siku, saa tisa kasoro, kwenye mteremko wa kwenda Uyole, jicho la kulia la Anania linaangalia barabara, la kushoto linapanda juu ya mbao na kumpita mwanamume mwembamba mwenye miwani ya njano, anayekanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Yule bwana anainua mkono. Anania hawezi kumwacha mtu na mkono hewani. Anapunga.

Wauza viazi wa kando ya barabara wanamjibu. Wanasema Namba Mbili tangu atoke Iringa amekuwa mtu wa salamu sana.