Dawa ya Kikohozi

Ukishaitwa mlevi, hata ukikohoa watu wananusa. Fundi alikuwa amelizoea hilo. Wateja walioleta vitambaa vya sare za shule walikuwa wakiinama juu ya cherehani kana kwamba wanakagua mshono, kumbe wanatafuta harufu, naye kwa ukorofi wake aliwapulizia kabisa, haaa, kisha akawauliza kama wanataka marinda mapana au membamba. Kilichotoka kilikuwa harufu ya chai. Miezi mitano sasa ilikuwa chai tu.

Siku ya sindano ya sita hakufungua duka. Alivaa gauni la bluu alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, akaenda zahanati. Jioni mjomba wake angekuja nyumbani kwa Dada, dada mkubwa wa Fundi, na mbele ya mjomba huyo Fundi angekabidhiwa binti yake. Ndivyo familia ilivyokubaliana: kila mwezi achomwe ile sindano inayofunga mlango wa pombe na mlango wa vidonge vya kutuliza maumivu alivyokuwa amevizoea kwa pamoja, na zikitimia sita bila kuteleza, mtoto anarudi kwa mama yake. Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Dada alimchukua akiwa na miaka miwili. Sasa alikuwa msichana wa kumi na mmoja. Chiriku alimwita Dada "Mama." Aliyemzaa akamwita "Mama Fundi," na Fundi alikuwa amejifunza kuitika bila kuonyesha inavyochoma.

Nesi wa zahanati alikuwa mtu wa utani.

"Leo tako gani, la kulia au la kushoto?"

"La kushoto. La kulia bado linakutukana."

Nesi alicheka. Dawa ilikuwa imeshatolewa kwenye friji ipungue ubaridi, imelala mezani kwenye sahani ya bati, pembeni yake sindano ndefu ambayo Fundi hakuwahi kuitazama mara mbili. Kilichobaki ni kipimo cha mkojo, ambacho hawakukiruka mwezi wowote. Nesi akachovya kijikaratasi, akakiangalia, akasogea nacho dirishani akakiangalia tena. Kicheko kikaisha.

"Fundi, umemeza nini?"

"Sijameza kitu."

"Mwili wako una dawa ya jamii ya vile vidonge vyako vya zamani. Siwezi kukuchoma. Nikikuchoma leo, unaweza kuugua vibaya hapa hapa kitandani. Rudi baada ya wiki moja na nusu, tupime upya."

"Nesi, naapa kwa Mungu sijameza."

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho hajameza." Hakulisema kwa ubaya. Akairudisha dawa kwenye friji, na aliposhika mpini wa mlango, kama mtu anayekumbuka kitu, akauliza, "Hata dawa ya kikohozi?"

Fundi akakumbuka chupa ya Chiriku.

Wiki ile alikuwa amekohoa sana kwa sababu ya manyoya ya kitambaa kipya. Chiriku alipita dukani akitoka shule, na chupa mkobani na kijiko cha kutoka nyumbani. "Mama kachemsha tangawizi na asali," alisema. "Kasema unywe vijiko viwili, na kesho nije nikunyweshe tena." Akamkalisha mama yake kwenye kigoda, akamnywesha, na kila alipoinua kijiko alifungua na mdomo wake mwenyewe, kama watu wanavyofanya wakimlisha mtoto mchanga. Ilikuwa tamu mno na ina uchungu kidogo nyuma. Fundi hakuuliza. Kwa miaka yote ile hakuwahi kupewa kitu na mwanawe kwa namna hiyo, na kama angepewa mafuta ya taa angekunywa akashukuru. Wala hakulewa, wala hakusikia usingizi. Sindano ya mwezi uliopita ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Akakumbuka pia siku ya sindano ya kwanza. Dada alikuwa amekaa naye bega kwa bega kwenye chumba hiki hiki, amemshika mkono, na nesi akawa anawaeleza vitu vya kuepuka. Aliyeuliza hakuwa Fundi. Aliyeuliza alikuwa Dada: "Hata ya kikohozi?" Nesi akajibu, "Hasa ya kikohozi, zile zenye kodeini, ndugu ya vidonge vyake. Hizo zinaharibu kila kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi, ambaye riziki yake ni nguo, alikaa kwenye benchi la nje la zahanati akaona jinsi methali hiyo ilivyo fupi na inavyouma. Maana huyu hakuwa jirani mwenye kijicho. Huyu ndiye aliyemwokota sakafuni amejitapikia, akamwogesha, akamlaza kitandani kwake mwenyewe wakati mwili ulipokuwa unadai vidonge na kila mfupa unalia. Dada ndiye aliyetafuta zahanati. Dada ndiye aliyesema, "Mdogo wangu, utapona." Fundi alitaka kulia akashindwa. Alipitia dukani, akaichukua ile chupa iliyobaki chini ya meza ya cherehani, akaenda.

Alimkuta Dada anapiga pasi sare ya Chiriku.

"Dada, hii dawa uliichemsha wewe?"

"Nani mwingine atakuchemshia?"

"Uliichemsha kwa tangawizi, au uliinunua duka la dawa ukaimimina humu?"

Dada aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani, akaukunja vizuri. Alikuwa mtu wa mpangilio. "Kaa chini."

"Sikai. Wamekataa kunichoma."

"Najua."

Neno hilo lilitoka taratibu tu, na Fundi ndipo aliposhika ukingo wa meza. Njia nzima alikuwa ameomba ajibiwe kwa matusi, aambiwe amerukwa na akili.

"Uliuliza mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo wako. Hata ya kikohozi."

"Niliuliza kwa kukulinda. Sikujua wakati ule kwamba nitaitumia." Dada aliikunja sare ile, akaikunja tena bila sababu. "Nilipomchukua mtoto huyu alikuwa amelala juu ya kreti za bia, nepi imemgandia. Wewe ulikuwa unacheza ngoma na watu usiowajua majina. Kulea mimba si kazi, mdogo wangu, kazi kulea mwana."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Mzazi yupi? Aliyekesha na homa zake ni nani? Wa kwenda kwenye vikao vya shule ni nani? Mimi Mungu hakunijalia kuzaa, akanijalia kulea, sasa sindano sita zinakuja kuninyang'anya?"

"Ungeniambia hutaki nipone."

"Nilitaka upone. Nilikuombea upone, nikafunga kwa ajili yako." Sauti ya Dada ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Ila sikujua ukipona nitabaki na nyumba tupu. Nilitaka ukose mara moja tu. Nipate muda kidogo zaidi."

"Na muda huo ukiisha?"

Dada aliilaza sare juu ya kiti.

"Na ukamtuma mtoto, Dada. Kwa nini hukunipa mwenyewe?"

"Kutoka mkononi mwangu ungeuliza ni nini. Kutoka mkononi mwake usingeuliza." Alimtazama mdogo wake usoni. "Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine siombi msamaha."

Ukweli lazima usemwe: kama Dada angetukana, Fundi angemsamehe siku ile ile. Ila alikuwa amepimwa, akajulikana mahali alipo laini, na kisu kikapitishwa hapo hapo na mtu anayempenda. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. "Mjomba akija nitamwambia yote," alisema. "Chiriku atakuwa shahidi. Mtoto yule hajui kusema uongo." Kutoka chumba cha pili, ambacho mlango wake ulikuwa umerudishwa tu, kitu kilianguka sakafuni, kalamu au rula.

Mjomba alikuja jua likiwa bado halijazama. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa kusikiliza pande zote mbili kabla ya kugusa chai yake, na familia nzima ilimwogopa kwa haki yake. Fundi aliiweka chupa mezani akaeleza yote, kuanzia kikohozi mpaka zahanati. Mjomba akamgeukia Dada.

"Chupa za kikohozi zinauzwa kila duka la dawa," Dada alisema, macho kwenye kitambaa cha meza. "Na anayejua maduka yote yanayouza bila kuuliza maswali ni yeye, si mimi."

Fundi hakuamini masikio yake. Mchana mwanamke huyu alikuwa amekiri uso kwa uso, na sasa alikuwa anamtupia miaka yake ya ulevi mbele ya mjomba kama anayemwaga maji machafu.

"Mwanangu," Mjomba alimwambia Fundi kwa huzuni, "aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Umeshatuapia mara nyingi, na mara nyingi tukakuamini."

"Basi msiniamini mimi. Muulizeni mtoto."

Chiriku aliitwa. Alikuja amevaa ile sare iliyopigwa pasi, kana kwamba ni asubuhi na anakwenda shule, akasimama katikati ya sebule.

"Sema kweli, mjukuu wangu, hakuna atakayekupiga," Mjomba alisema. "Ulimpelekea Mama Fundi dawa yoyote dukani? Ulimnywesha?"

Mtoto hakumtazama Dada. Alimtazama Fundi, moja kwa moja, kwa macho yale yale ya siku ya kigoda na kijiko.

"Hapana, Babu. Sikumpelekea kitu."

Dada aliinua kichwa ghafla, mdomo wazi, na Fundi akauona mshtuko ule akaelewa kwamba hakuna aliyemfundisha mtoto. Dada alikuwa ameingia kwenye kikao akijua ameshindwa. Uongo huu Chiriku aliutunga peke yake nyuma ya ule mlango, akavaa na sare yake ya kuusemea. Alikuwa amesikia maneno yote ya mchana, akajua ukweli ukisemwa atalala wapi usiku wa leo, na hakutaka kulala huko.

Fundi alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. Usaliti wa Dada alikuwa ameshaanza kuuzoea, kwa vile binadamu huzoea hata jino bovu. Hili lingine hakuwa na pa kuliweka. Bado alikuwa na la kusema, na alilijua: amtajie mtoto siku, kigoda, kijiko, amkumbushe alivyokuwa anafungua mdomo, ambane mpaka alie. Chiriku asingestahimili. Angelia, angesema kweli, na Mjomba angeamua kwa haki yake, na mtoto angekuja kulala nyuma ya duka la cherehani akiwa amelazimishwa kumwumbua mtu anayemwita Mama.

Chiriku alikuwa ameshika upindo wa sare kwa mikono miwili.

"Fundi," Mjomba aliuliza, "unasemaje?"

Fundi aliichukua chupa mezani akaitia mkobani.

"Mtoto hasemi uongo, Mjomba. Niliinunua mwenyewe."

Mjomba alifumba macho, akashusha pumzi, akasema basi, wataanza kuhesabu upya, na mtoto aende akamalize kazi yake ya shule. Chiriku akageuka akaingia chumbani kwake, na wote watatu wakasikia anavyozungusha ufunguo kwa ndani.