Mpaka Mama Acheke

"Usitoke mpaka umsikie mama anacheka," Yasini alimwambia Goodness. Mtoto akaitikia kwa kichwa, akakimbilia kwenye marundo ya mabua, na kwa kuwa kalelewa na mama mkali, Lukresia, neno la mkubwa kwake halikuwa na mjadala.

Yasini, kijana wa duka la vitambaa mjini Karatu, alikuwa amepanda hadi kijiji cha Buger na kamera yake kutengeneza sinema ya kuchekesha kuhusu adha za kulea. Lukresia ndiye mama. Bintiye ndiye mtoto mtukutu anayejificha. Mama anaita, anabembeleza, analia, kisha anagundua amechezewa na kuangua kicheko. Hapo ndipo walipokwama. Lukresia alikuwa mama wa kukutupia jicho tu ukanyooka. Kuchekacheka na watoto aliwaachia wenye nafasi.

Ukungu ukashuka kutoka msituni, mwanga ukafifia. Yasini akazima kamera, wakaingia jikoni kunywa chai huku wakibishana juu ya kicheko. Jamani, hakuna aliyekumbuka kumwita mtoto.

Kisha madebe yakaanza kupigwa kwa jirani. Lukresia akaruka kutoka kitini. Buger nzima inajua madebe hayo yana maana gani. Alipofika mlangoni, tembo alikwisha kuingia shambani, anavuta mabua taratibu, utadhani kalima yeye. Akimaliza rundo moja, anasogelea jingine.

Lukresia hakujua mwanawe yuko rundo lipi.

"Goodness, njoo kwa mama."

Hakuna rundo lililotikisika.

"Njoo, mwanangu. Nakuomba."

Machozi yakamtoka. Ndipo akaelewa. Kuita, kubembeleza, kulia, yote yalikuwa ya sinema. Kadiri alivyolia ndivyo mtoto alivyozidi kutulia, akitii kama alivyofundishwa.

"Cheka," Yasini alinong'ona nyuma yake. "Mama Goodness, cheka."

Akafungua mdomo. Kikatoka kitu kikavu kama kikohozi. Tembo akatanua masikio. Lukresia akajaribu tena, akalazimisha, hadi kicheko kikamponyoka, kikubwa, kibaya, kisichozuilika.

Rundo lililo karibu na nyumba likatikisika. Goodness akatoka mbio, makapi kichwani. Mama akamdaka, Yasini akakomea mlango.

Nje, mabua ya rundo lile yalianza kuvunjwa. Lukresia alikuwa bado anacheka, machozi yanamchuruzika, hawezi kunyamaza. Goodness akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Kumbe mama unajua kucheka," alisema.