Matairi Sitini na Matatu

Kikundi cha kusafisha mto kilikuwa na mashindano yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wa juu ya daraja na watu wa chini ya daraja waliokota taka, kila upande kwenye kingo zake, na saa sita mchana kila kitu kilipimwa kwenye mzani mmoja. Upande wenye kilo nyingi ulikaa kivulini. Ulioshindwa ulipakia taka zote kwenye lori. Hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha sheria hiyo, lakini iliwafanya watu wazima wenye wajukuu wagombanie godoro bovu kama fisi.

Watu wa chini walikuwa wameshindwa mara nne mfululizo. Mwandishi wa mzani, mpima ardhi mstaafu, alikuwa mtu wa upande huo huo. Walimwita Nukta, kwa kuwa hakukubali kamwe kilo kumi na tisa nukta sita ziandikwe ishirini. Mara zote nne aliandika kushindwa kwao kwa mwandiko mzuri.

Siku ya shindano la tano, fundi bomba wa upande wa chini, mnene na mcheshi, alisimama nyuma ya nyumba ya dada yake Nukta, akashika kiuno.

"Jamani, tumekalia dhahabu huku tunalia njaa! Hebu tazameni."

Yalikuwa matairi ya lori, yamepangwa safu tatu kama ngazi, kutoka majini hadi chini ya chumba cha kushonea. Aliyeyapanga alikuwa shemeji yake Nukta, dereva, sasa marehemu. Kwa miaka kumi na moja, kila tairi lililokwisha alilirudisha nyumbani, akalizika nusu kwenye ukingo, akalijaza mawe na mfinyanzi, akalifunga kwa waya na mwenzake. Majani yalikuwa yameota katikati.

"Moja na udongo wake kilo ngapi, Nukta?"

"Themanini hivi. Ya chini yanafika tisini."

Fundi bomba alipiga mluzi. "Leo wa juu watapakia mpaka watubu."

Mwenyekiti wa kikundi, mfamasia, mwanamke mwenye sauti ya upole isiyopingika, alikunjua karatasi ya maelekezo. "Matairi chakavu ni mazalio ya mbu. Imeandikwa hapa. Ni taka."

Mbu huzaliana kwenye maji, na matairi haya yalijaa udongo. Nukta alilijua hilo. Lilipita kichwani mwake kama mtu unayemfahamu anavyopita ng'ambo ya barabara, naye hakuliita.

Dada yake akatoka, futi ya kushonea shingoni, mkasi mkononi. Mama yao alipokufa yeye alikuwa na miaka kumi na tano na Nukta minne. Aliacha shule akambeba, kisha akashona sare za watoto wa wenzake ili Nukta asome.

"Kuna nini nyuma ya nyumba yangu?"

"Usafi, mama," alisema fundi bomba. "Tunakuondolea mbu."

"Mbu wangu nawajua. Wanakaa kwenye mtaro wa mwenyekiti wenu, huku wanakuja kutembea tu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kidogo. Dada akamgeukia ndugu yake.

"Mdogo wangu, waambie waache."

"Dada, nimepima. Ubao wa kupimia maji pale darajani una kumbukumbu za miaka thelathini. Mwaka wa mafuriko makubwa kuliko yote, maji yaliishia mita mbili na robo chini ya mlango wako. Mto hauwezi kupanda hapa."

"Nani kakwambia utapanda?"

"Sasa unaogopa nini?"

"Shemeji yako alikuwa akisema mto huu una meno, hauna mabawa."

"Hiyo ni misemo, Dada. Mimi nakupa namba."

Watu ishirini walikuwa wamesimama na reki zao, wanangoja. Dada aliwatazama, akamtazama mdogo wake, kisha akatazama mkasi kana kwamba ndio uliokuwa na jibu.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akarudi ndani. Cherehani ilianza kulia kabla tairi la kwanza halijang'oka.

Kazi ilichukua saa tatu. Matairi hayakutoka kwa hiari. Ilibidi waya zikatwe na udongo uchimbwe kwa sururu, na kila moja lililong'oka liliacha shimo lenye umbo lake. Matairi sitini na matatu. Nukta aliandika: kilo elfu tano mia mbili kumi na mbili nukta nne. Walipiga picha. Watu wa juu walipakia huku wakitukana kwa mafumbo, na Nukta akakaa kivulini na wenzake, akanywa maji, akajisikia vizuri.

Mvua zilianza baada ya wiki saba. Kila asubuhi alisoma ubao wa darajani, akampigia dada yake simu.

"Bado mita nne, Dada."

"Nimesikia."

"Bado mita tatu na nusu."

"Nimesikia, mdogo wangu."

Jumanne ya wiki ya tatu ya mvua alikwenda mwenyewe kutazama. Maji yalikuwa mbali chini, pale pale aliposema yangekuwa. Lakini chini ya chumba cha kushonea ukingo ulikuwa umeliwa kwa ndani kama jino bovu: juu mfinyanzi mgumu, chini mchanga, na mchanga ulikuwa unaondoka. Nyumba ilikuwa kwenye kona ya mto, upande wa nje. Mto hula upande wa nje wa kona. Alikuwa amewafundisha vijana wa ofisini jambo hilo kwa miaka ishirini, akiwachorea kwa chaki. Lakini siku ya matairi alikuwa amepima urefu wa kwenda juu tu, kwa sababu urefu ndio uliokuwa na kumbukumbu.

Alikimbia kuzunguka nyumba hadi mlango wa mbele. Dada alikuwa sebuleni akimpa mteja sketi. Saa nne na dakika kumi ukuta wa nyuma uliondoka, na cherehani, na meza ya kukatia, na sare za darasa zima. Hakuna aliyeumia. Siku ya maji mengi kuliko zote msimu huo, yalifika mita mbili na sentimita themanini chini ya mlango. Namba zake zilikuwa sahihi hadi mwisho.

Watu wa halmashauri walikuja na rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye mlango wa mbele: nyumba isikaliwe tena.

Nukta alimpelekea mwenyekiti barua ya ukurasa mmoja, akitaka isomwe mbele ya kikundi: tulikosea, na kwa nini. Mwenyekiti aliisoma amesimama nyuma ya kaunta ya dawa.

"Ndugu yangu, ni mvua. Tukiisoma hii, Jumamosi atakuja nani?"

"Lakini ni kweli."

"Kweli ni kwamba wewe ndiye uliyetupa namba." Akamrudishia barua, akamhudumia mwenye kikohozi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu alisema, na guu lililovunjika likawa lake.

Nyumbani kwake Nukta alitoa vitabu katika chumba cha nyuma, akapaka rangi, akaweka kitanda. Kisha akaenda kwa dada yake, akamkuta anafunga vyombo kwenye mashuka.

"Nimekutayarishia chumba."

"Kipangishe. Mimi nimepata changu cha kupanga, huko kando ya barabara."

"Dada, mimi ni ndugu yako."

"Najua. Ndiyo maana siku ile nilinyamaza. Angekuwa mtu baki ningemrushia mkasi."

Alimruhusu abebe mizigo hadi huko. Kitanda kiliingia, meza iliingia. Kabati la nguo halikuingia: kwa upana lilizidi mlango, kwa ubavu likagonga ukuta wa ukumbi. Wapangaji wengine walitoka wakatoa ushauri, kila mmoja wake. Nukta alitoa futi, akapima mara mbili.

"Limezidi sentimita sita. Nitamwita seremala alifungue taratibu."

"Livunje."

"Dada, kabati zima hili—"

"Livunje. Kazi hiyo unaiweza."

Akaenda kuazima nyundo. Alianza na mgongo wa kabati, kisha rafu, kisha milango. Dada alichuchumaa kando, anaokota misumari iliyoanguka na kuinyoosha kwa jiwe. Wapangaji walirudi vyumbani mwao mmoja mmoja. Ilichukua karibu saa nzima, na mbao alizipanga ukutani kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele.

Alipomaliza, dada yake alimletea maji kwenye bilauri, juu ya kisahani, kwa mikono miwili. Alisimama pembeni akangoja anywe yote, kisha akaipokea bilauri.

"Ahsante sana, bwana," alisema. "Umetaabika. Karibu tena."