Wapangaji wa Asubuhi Moja

Tuliisikia nyumba kabla ya kuiona. Redio inaimba, sufuria zinagongana, mtoto analia, mtu anafagia uwanja kwa nguvu, na mwanamke anacheka kicheko kirefu kisichoisha. Ukuta ulikuwa mrefu, hatukuona kitu. Dalali akasimama kando ya geti, akaweka kiganja sikioni.

"Sikilizeni wenyewe," akasema. "Vyumba sita, vyote vina watu. Hapa hununui matofali, kaka. Unanunua kodi ya kila mwezi."

Dada yangu akanitazama. Yeye ni fundi cherehani, na magoti yake yamechakaa kwa kukanyaga pedali tangu mimi sijaota meno. Akiba yake yote, pamoja na kidogo changu cha kuchomelea mageti, ndiyo iliyotuleta pale. Tukipata nyumba nzuri ya kupangisha, kodi itamlisha naye atapumzika. Tukipata mbovu, atakanyaga pedali mpaka kaburini. Nililijua hilo, na bado njiani nilimwambia, "Niachie mimi. Nyumba naisoma kwa kuitupia jicho tu." Si bure mtaani wananiita Cheche.

Tukaingia. Kamba ya uani ilijaa nguo. Wapangaji wakatusalimu kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mpangaji yeyote anayekutana na mtu atakayekuja kumdai kodi. Kijana wa fulana nyekundu akatuambia maji hayakatiki. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria akasema ana miaka mitatu hapa na hatoki ng'o. Nikachungulia sufuria yake. Maji matupu. Nikajiambia, labda ndiyo kwanza anabandika.

"Mnaona?" dalali akasema. "Ila alasiri kuna mteja mwingine. Mkiweka malipo ya awali sasa hivi, namfukuza kwa simu."

Mkono wangu ulishaingia mfukoni. Dada akaniwahi, akamgeukia yule mwanamke wa sufuria.

"Samahani, mwenzangu. Naomba unionyeshe msalani."

"Karibu, karibu!" Mwanamke akafungua mlango wa kwanza: mafagio na ndoo. Akacheka. Wa pili ulikuwa na kufuli. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi anajipepea kwa upande wa khanga. "Hivi choo kiko wapi?" akamnong'oneza yule kijana, nasi sote tukasikia.

"Mimi nitajuaje?"

"Si unakaa hapa?"

"Kwani wewe hukai?"

"Wanataniana hawa," dalali akasema, na jasho likamtoka. "Ndivyo walivyozoeana."

"Miaka mitatu," dada akasema polepole. "Miaka mitatu, mama, unajisitiri wapi?"

Mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa kwa teke. Akatoka mzee wa makamo, shati la ulinzi halijafungwa vifungo, macho mekundu.

"Jamani, kuna msiba au harusi? Mtu nimetoka lindo, nataka kulala!" Akawatazama mmoja mmoja. "Nyie ni nani? Na wewe mama, hiyo si sufuria yangu?"

Redio ikazimwa. Nilimshika dalali ukosi wa shati, nikamwinua mpaka akasimama kwa vidole.

"Kaka, nisikilize! Nyumba tupu hainunuliwi. Mtu akikuta kimya anaogopa. Nimewaomba majirani wanisaidie asubuhi moja tu. Nyumba yenyewe ni nzuri, wallahi!"

"Kizuri chajiuza!" nikamfokea.

"Kibaya chajitembeza," kijana wa fulana nyekundu akamalizia, kisha akajiziba mdomo.

"Na sisi tunalipwa lini?" mwanamke wa sufuria akauliza.

Dada ndiye aliyenibandua vidole shingoni mwa dalali. Akamgeukia mlinzi. "Baba, wapangaji wa kweli wako wapi?"

"Ni mimi hapa. Wengine walihama mvua za mwaka jana."

"Inavuja?"

Mlinzi akajikuna kidevu. "Mmoja alisema maji yanapanda kutoka chini. Mwingine alisema kodi ndiyo iliyopanda. Wa tatu alisema mashetani, lakini huyo alikuwa anadaiwa. Chumbani kwangu mimi sijaona tone." Akafikiri. "Ila usiku huwa sipo."

Nikauendea ukuta. Ulinukia rangi mpya. Rangi ni matunzo au ni kificho? Nikaugonga, ukalia kama kuta zote. Mtaa ni mzuri, soko liko karibu, wapangaji hawawezi kukosekana, na hawapo. Bei ni nafuu. Ni nafuu kwa sababu mwenye nyumba ana shida, au kwa sababu nyumba ndiyo yenye shida? Kila nilichokishika kilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalinikodolea macho.

"Haya, msoma nyumba," dada akasema. "Tununue, tusinunue?"

"Sijui."

Neno hilo lilinitoka kama mwiba. Dada akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akasugua magoti, akacheka kidogo.

"Ningelisikia jana hilo, ningelala vizuri. Unajua, Cheche, nilishaanza kuhisi kitu tangu getini. Lakini nimechoka, mdogo wangu. Hata uongo wao ulinipendeza. Nilitamani uwe kweli."

Nikamfuata dalali, ambaye mwenye nyumba alimwachia funguo zote, nikanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wa chumba cha jirani na mlinzi. Napanga."

"Kupanga? Si mlikuja kununua?"

"Nipe ufunguo."

"Mpe," mlinzi akasema, akicheka kwa mara ya kwanza. "Atanisimulia huku usiku kunakuwaje."

Ufunguo ukaanguka kiganjani mwangu. Nikarudi, nikachuchumaa mbele ya dada, nikasema kwa sauti ili uani kote wasikie:

"Dada, mvua zote zinazokuja nitalala humu. Nikiamka mkavu, tutazungumza bei. Nikiamka naelea, nitahama kama wenzangu. Lakini hakuna mkono utakaogusa akiba yako, hata huu wangu, mpaka uje ulale humu mwenyewe, uamke, useme sawa. Nakuahidi."