Kipande Kimoja Kina Neno Gani

"Basi mpeleke jeshini tujue moja," jirani yao Mama Keki alisema, amesimama ngazini, mikono kiunoni, unga umemganda kwenye viwiko. "Mtoto mdogo anapandishwa ngazi kama kibarua wa saruji. Kakukosea nini?"

Fundi cherehani, mama wa mtoto, hakushuka hata kidato kimoja. Alisimama mlangoni kwake, ghorofa ya juu kabisa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akamjibu kwamba mtoto ni wake, na ngazi ni za wapangaji wote. Mwenye hati ya ngazi ailete.

Milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anatoa takataka. Jengo lile halikuwa na siri. Ukipiga chafya chini, wa juu anakuombea afya.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Daktari alimpima binti damu, akasema sukari imeanza kupanda na ini limeanza kujaa mafuta, katika umri ule. Soda zikome, chakula kipangwe, mwili utoke jasho kila siku. La sivyo, ni dawa. Fundi, ambaye mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, hakulia. Alikasirika. Sukari ilishakula mguu mmoja katika ukoo wao. Wa pili haiuonji. Tangu hapo, kila jioni binti akawa anashuka hadi chini na kupanda tena, mama akishona huku sikio liko ngazini.

Jana walirudi kupimwa. Sukari haikushuka, iliongezeka. Daktari akawapa nafasi moja ya mwisho. Leo mama akaongeza mizunguko, ndipo Mama Keki akapandwa na mori.

"Unamuua kwa njaa," akaendelea. "Utushukuru sisi majirani. Tusingemshikiza roho kila anapopita, angeshadondoka."

"Mnamshikiza na nini?"

Mama Keki akatafuta wa kumwokoa. Wenye takataka wakawa wanazikagua takataka zao. Kinyozi wa chini ndiye aliyeanza: yeye ni juisi tu, kikombe kidogo. Mwalimu mstaafu akakiri biskuti. Mama Keki mwenyewe alikuwa anampa kipande cha keki, kile cha pembeni kisichouzika. Kipande kimoja kina neno gani? Kila mlango ulidhani uko peke yake.

Fundi akamgeukia binti, aliyekuwa ameegemea ukuta akihema.

"Kwa nini hukukataa?"

"Wananiita mwanangu. Ningekataaje?" Kisha akamkazia macho Mama Keki. "Lakini ngazi siachi, shangazi. Siku hizi naweza kufika juu bila kupumzika. Nyinyi ndio mnanisimamisha."

Fundi akatangaza, jengo zima likisikia, kwamba kuanzia kesho anayempenda binti huyu amfuate ngazini kwa miguu yake. Asiyeweza, afunge mlango na keki yake ndani. Kinyozi akaitikia kwamba atakuja. Mwalimu akauliza kama fimbo yake inaruhusiwa.

Mama Keki alishageuka, mabega yameshuka, anaanza kuteremka.

"Unakwenda wapi?" fundi akamwita. "Umesema namuua kwa njaa. Njoo uione hiyo njaa: maharage, mboga za majani, na maji ya kunywa. Ingia, shoga, ukae karibu na mwanao, tule."